Kilo Saba na Robo

Tarehe 14 Januari

Ndama wangu,

Hujambo huko? Sisi huku tunapumua, na kwa umri wetu hilo si haba. Goti langu la kushoto limegoma tangu mvua zianze, la kulia linafanya kazi ya mawili na linalalamika mchana kutwa. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Anataka nikuandikie kwamba bati la jikoni limepata tundu jingine, kana kwamba wewe ndiye fundi. Nimemwambia utawa haujafika huko.

Sasa habari yenyewe. Kitabu changu cha maisha ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino kimeingia daftari la nne. Kila Jumapili baada ya misa nawasomea watu kipande kimoja, nao wanasikiliza vizuri, isipokuwa fundi cherehani, ambaye husinzia tangu neno la kwanza na ndiye wa kwanza kupiga makofi. Padri ameahidi kutafuta mtu wa kukichapisha. Juzi nilisoma pale wanafunzi wenzake walipombandika jina la Ng'ombe Bubu, kwa kuwa alikuwa pande la mtu na haongei. Nikawaambia, mimi nyumbani kwangu nimelea ndama wake. Walicheka hao! Wanakukumbuka ulivyoletwa kwangu baada ya kumzika marehemu dada yangu, mnene, macho makavu, ukakaa siku tatu hujaomba hata maji.

Jumapili ijayo nasoma ile ya mezani. Tomaso anawasomea ndugu zake watawa wakati wa chakula, wenyewe wanakula kimya, mara msimamizi anamkatiza: umekosea neno hilo, lisome hivi. Tomaso alikuwa amelisoma sawasawa. Aliyekosea ni msimamizi. Lakini alirudia neno kwa makosa kama alivyoagizwa, akaendelea. Baadaye walipomuuliza akasema kutii kuna maana zaidi kuliko kuwa sahihi.

Unakumbuka tulivyoufanya mchezo? Wewe na kitabu, mimi na kijiko. Nikigonga sahani ujue nimekusahihisha, na hata kama ulikuwa sawa unarudia vibaya, tena bila kukunja uso. Mwanzoni ulikuwa unalia. Ulipofika miaka kumi hata kope haikutikisika. Padri wa wakati ule alikuja kula kwetu akashuhudia kwa macho yake, akasema mtoto huyu ni wa Mungu. Nilivimba kichwa mwezi mzima.

Nadhiri za daima bado ni Agosti? Nimeshawatangazia watu wote, na fundi amenipima suti akiwa macho, jambo la kushangaza. Kumbuka, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe endelea kusikia, uje kwetu na miguu yako yote miwili.

Mjomba wako.


Tarehe 26 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Pole na goti. Mwambie mkaza mjomba aweke ndoo chini ya tundu mpaka fundi apatikane, na asikubali wewe upande ngazi.

Mimi mzima. Nisamehe kwa kuchelewa. Wodi ya watoto imejaa, vitanda kumi na viwili na wakati mwingine wawili kitanda kimoja. Bado nalala chumba kilekile karibu na kufulia nguo. Sista wa wodi ni yuleyule niliyekuandikia, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Anafanya kazi ya watu watatu na hajapata likizo mwaka wa pili huu.

Mwezi uliopita tulifiwa na mtoto mmoja. Kwenye wodi watoto wanafariki, hilo unalijua, lakini huyu siwezi kumwacha.

Nina swali juu ya Tomaso. Yule msimamizi aliyemsahihisha, je, aliwahi kujua kwamba yeye ndiye aliyekosea? Na kama alijua, alifanyaje? Sikumbuki kama uliwahi kunisimulia.

Ndama wako.


Tarehe 12 Machi

Ndama wangu,

Swali gani tena hilo! Wewe unauliza habari za msimamizi, mbona huulizi ndugu wale walikuwa wanakula nini? Msimamizi hana kazi katika hadithi ile. Anapita tu, kama mvua.

Pole kwa mtoto. Kifo ni cha Mungu, mwanangu, sisi ni wasindikizaji. Ukianza kumbeba kila marehemu mgongoni hutafika Agosti.

Mkaza mjomba wako amepanda ngazi mwenyewe akaziba tundu, na sasa panavuja mahali pengine papya kabisa. Suti imekwisha. Mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenziwe, fundi anasema ni mwili wangu uliopinda.

Jumapili nimesoma pale Tomaso alipotekwa. Alitaka kuingia utawa wa ndugu wanaoishi kwa kuomba, na familia yake ilikuwa ya wakubwa, ikaona aibu. Mama yake akatuma kaka zake, wakamkamata njiani, wakamfungia ngomeni zaidi ya mwaka. Wakambembeleza, wakamtisha. Yeye akakaa anasoma tu. Niliwaambia watu: mnaona subira hiyo? Hata fundi aliamka.

Soma sala zako, kula vizuri, sikiliza wakubwa wako.

Mjomba wako.


Tarehe 29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Leo salamu zangu ni fupi, usinione sina adabu. Nikianza kuuliza habari za bati sitaandika ninalotaka kuandika.

Mtoto yule alikuwa kitanda cha tisa. Wa kiume, miezi minane, kilo saba na robo. Nilimpima mwenyewe asubuhi ile, akashika mzani asiuachie mpaka mama yake akacheka. Aliletwa na degedege, likatulia, ilibaki sindano moja ya saa tisa. Kitanda cha sita alilala msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye mwili kunipita mimi, naye ana dawa ileile. Dawa moja, vipimo mbalimbali.

Sista wa wodi alinipa bomba la sindano likiwa limeshajazwa. Nikaliangalia. Nikamwambia, Sista, hiki ni kipimo cha kitanda cha sita. Akafungua faili mbele yangu, akasema, faili lenyewe hili hapa, soma. Nikasoma. Nikasema, Sista, hili si faili lake, huyu ana kilo saba na robo. Wazazi walikuwa wamejaa, ni saa ya kuona wagonjwa, kila mtu anatutazama. Akaniambia, unanifundisha kazi? Nikajibu, hapana, Sista.

Sasa sikiliza, Mjomba, maana hili sijamwambia hata padri kitubioni. Sikuogopa. Wala sikusitasita. Nilisikia kijiko kinagonga sahani. Nilijua yeye ndiye mwenye kosa na mimi ndiye niliye sawa, na nilipokuwa namshika mtoto paja nilikuwa na furaha. Furaha kabisa, ileile ya mezani, ya kushinda bila mtu kujua. Nikamchoma. Aliacha kupumua kabla sijamaliza kuosha trei.

Sista wa wodi alielewa palepale, nilimwona usoni. Alimpulizia pumzi yule mtoto mpaka tukamvuta Sista mwenyewe kwa nguvu. Lakini jioni yake aliandika kwamba mama alikuwa amempa mtoto majani nyumbani, na majani hayakupatana na sindano. Ni kweli mama alimpa majani ya kikohozi ya aina tatu, wiki mbili kabla. Alitueleza mwenyewe siku ya kwanza, kwa uaminifu wake. Hayana madhara yoyote, hata wewe ulinipa.

Mama yule ameamini. Mume amemfukuza, mama mkwe amemchukua binti mkubwa, ana miaka minne, asije akamuua na huyo. Kila Alhamisi anakuja getini na blanketi la marehemu mkononi. Hadai kitu, hapigi kelele. Anauliza tu ni jani gani kati ya yale matatu, ili wengine wasilitumie. Mlinzi anamwambia rudi Alhamisi ijayo.

Nilikwenda kwa Mama Mkuu nikamweleza. Alilia. Kisha akasema hospitali ikifungwa watakufa mia, nami nikae kimya kwa utii hadi atakaponiambia vingine. Akanikumbusha Agosti.

Unasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, Mjomba, na guu lililovunjika si langu.

Na Tomaso wako ngomeni, mbona ulisema ni subira? Alimkatalia mama yake mzazi. Mwaka mzima alimwambia hapana. Hilo umelipita.

Niambie nifanye nini. Wewe ndiye uliyenilea. Ukisema nyamaza, nitanyamaza na nitaweka nadhiri. Ukisema sema, nitasema.

Ndama wako.


Tarehe 24 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Je, barua yangu ya Machi ilifika? Nauliza kwa sababu posta wakati mwingine inapoteza. Kama unaumwa, mkaza mjomba aniandikie hata mstari mmoja.

Mama wa kitanda cha tisa hajaonekana getini Alhamisi tatu sasa. Mlinzi anasema afadhali.

Mpwa wako.


Tarehe 9 Juni

Ndama wangu,

Barua yako ilifika tarehe 11 Aprili. Siumwi. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaikunja, nikaitia ndani ya daftari la nne, nikamwambia mkaza mjomba wako hujambo na unasalimia. Siku mbili alinichunguza. Siku ya tatu aliitafuta mwenyewe akaisoma. Tangu hapo ananiwekea chakula na kwenda kula jikoni, chini ya bati linalovuja. Miaka thelathini na saba ya ndoa, hajawahi.

Nimekuandikia majibu matatu na kuyachana yote. La kwanza lilisema nyamaza. Nakuambia ili unijue. Nilikuwa nimevaa suti ile, najaribu mkono uliofupishwa, na nilichowaza ni watu wote niliowaalika. Mtoto amekufa, mimi nawaza suti! Mungu anaona, nami nimejiona.

Sasa nijibu ulichoniuliza Februari, nikakugeuzia kuwa mzaha: kama msimamizi alijua kosa lake vitabu havisemi, ila swali lako liligusa nilichoficha. Ipo sehemu ya hadithi ile ambayo sikuwahi kukusomea. Tomaso hakusema tu kwamba kutii kuna maana zaidi kuliko kuwa sahihi. Alisema kwanza kwamba lile lilikuwa jambo dogo, neno livutwe ukilitamka au lisivutwe, hakuna atakayedhurika. Ndipo akasema habari ya utii. Mimi niliikata nusu ya kwanza. Niliikata kwa sababu bila hiyo hadithi ilikuwa kali zaidi, na kwa sababu nilikuwa na mtoto mkaidi mwenye msiba ndani ya nyumba na sikujua kumtuliza kwa njia nyingine. Kisha ukatulia, watu wakanisifu, nami nikaisahau kabisa hiyo nusu. Hapana, sikuisahau. Niliijua kila nilipogonga sahani.

Na si hiyo tu. Mtu yuleyule alifundisha kwamba dhamiri ikikuambia jambo ni baya, mkubwa hana uwezo wa kukuondolea, awe nani. Hilo limo katika vitabu nilivyotumia, nimelipigia mstari kwa wino mwekundu tangu ujana wangu. Na ngomeni, ndiyo, alimkatalia mama yake. Uliliona wewe, mimi mwenye kitabu nikaliruka.

Umeniomba nikuambie nyamaza au sema. Nimekaa na swali hilo miezi miwili, na sasa najua kwa nini siwezi kulijibu. Nikikwambia sema, utasema kwa kuwa mimi nimesema, na tutakuwa palepale mezani, mimi na kijiko, wewe na kope zako zisizotikisika. Sitakuamuru kitu. Sina haki hiyo tena, na pengine sikuwahi kuwa nayo.

Tomaso mwishoni aliacha kuandika. Kazi yake kubwa haijakamilika, siku moja akaweka kalamu chini, akakataa kuishika tena, na baada ya miezi michache akafa. Watu wanasema aliona jambo la juu mno. Mimi nimeweka yangu chini kwa sababu nimeona la chini mno. Jumapili sikusoma. Fundi aliuliza kulikoni, nikamwambia koo. Madaftari nitayachoma mkaza mjomba wako akinipa kiberiti, maana ameficha.

Nisamehe. Najua neno hilo ni jepesi kuliko mzigo wenyewe.

Mjomba wako.


Tarehe 5 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mkaza mjomba namshukuru, na arudi mezani, jikoni ataugua kifua.

Barua yako ilinikuta nimeshasema. Alhamisi iliyofuata baada ya kukuandikia ile barua fupi ya Mei, nilikaa getini na mlinzi tangu asubuhi, nikimngoja, asije. Saa sita nikaenda kumtafuta. Sikuaga. Nilimkuta kwa dada yake, chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, kelele tupu, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anashona magunia. Aliponiona akainuka haraka, akafikiri nimemletea jina la jani.

Nilisubiri mashine izimwe, nikamwambia. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia wewe, faili, kitanda cha sita, mkono wangu. Akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akauliza, "Kabla hujamchoma?" Nikasema kabla. Akakaa chini. Akashona gunia lile mpaka mwisho, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Kisha akasema, "Haya. Inuka, ukamwambie mume wangu hivyohivyo."

Tulitembea saa nzima, yeye mbele mimi nyuma. Nilimwambia mume wake mbele ya mama mkwe na majirani. Mume alinipiga kofi moja, halafu akaegemea ukuta. Mama mkwe akaingia ndani, akamtoa yule binti wa miaka minne, akamsukuma kwa mama yake. Mtoto alijificha nyuma ya mlango. Miezi minne aliambiwa mama yake anaua watoto, unafikiri angekimbilia kumkumbatia? Mama yake alichuchumaa pale uani akamngoja. Nilipoondoka bado anamngoja.

Hakunisamehe. Wala sikumwomba, ningempa kazi nyingine juu ya kazi alizonazo. Kuhusu neno lako, Mjomba, sijui. Nakupenda, na nimekukasirikia kiasi kwamba kalamu imetoboa karatasi, utaona mwenyewe. Vyote viwili vipo, sijui kimoja kitakwisha lini.

Nimeandika maelezo polisi. Sista wa wodi alipoitwa alikubali kila kitu, akavua miwani yake na kulala usingizi kwenye benchi, mara ya kwanza namwona amelala. Kesi itasikilizwa mwezi ujao, sisi wawili. Nimevua shela, Mama Mkuu hakuniangalia. Nakaa kwa mwanamke mmoja mfuaji wa hospitali, ndiye atakayenipokelea barua. Agosti usije, na suti mpe fundi aipunguze aivae mwenyewe.

Na usiniite tena Ndama. Nilikuwa na sauti siku ile wodini. Nilisema mara mbili kisha nikajinyamazisha mwenyewe, hakuna aliyenifunga mdomo.

Madaftari usiyachome. Kuyachoma ni kunyamaza kwa namna nyingine, nasi tumenyamaza vya kutosha. Rudi kanisani Jumapili uwasomee ile ya mezani tangu mwanzo, na nusu uliyoikata. Waambie ilikatwa na nani. Wakikuuliza kwa nini unarudia, usiwatajie jina langu wala wodi. Waambie kilo saba na robo. Wataona ni ajabu, fundi atauliza ni kilo za nini.

Mwambie ni za mtoto.

Mpwa wako.